Kilo zinazopita hewani

Leo hakuna siasa. Mliokuja kutafuta nani kamjibu nani kule Baraza la Wawakilishi, nawaomba mrudi wiki ijayo. Leo naandika juu ya kidude kisichozidi urefu wa kidole gumba, chenye taa moja nyekundu na pini sita, kilichonifanya nilale Jambiani usiku tatu badala ya mmoja, na juu ya magunia ya mwani.

Kidude chenyewe kinaitwa HC-05. Ni adapta ya siriali inayotumia Bluetooth. Kwa wasioijua lugha hiyo: mashine nyingi za zamani, na nyingi za kisasa pia, huzungumza kwa kutuma herufi moja baada ya moja kwenye waya mmoja. Ndiyo maana ya siriali, foleni. Mizani za kidijitali, mashine za hospitali, mita, printa za risiti, nyingi zina tundu lile la pini tisa kwa nyuma ambalo watu wengi hawajui ni la nini. Ukichomeka adapta hii mahali pa waya, zile herufi zinaruka hewani na kutua kwenye simu yako. Simu inaona kana kwamba imeunganishwa kwa waya, na mashine haijui chochote.

Watu wengi wanadhani Bluetooth ilibuniwa kwa ajili ya kurushiana nyimbo. Sisi tuliokuwa sekondari wakati wa simu za Nokia tuna kisa cha kudhani hivyo, maana kazi yetu kubwa ilikuwa kukaa Forodhani na kupelekeana taarab na bongo fleva. Lakini mwaka 1994, pale Jaap Haartsen na wenzake walipoanza kazi hiyo katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, shabaha ilikuwa kuondoa waya huu huu wa siriali, RS-232, ambao kanuni zake ziliwekwa mwaka 1960. Jina lilikuja baadaye, mwaka 1997, likachukuliwa kwa mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Buluu. Kwa hiyo kuiweka Bluetooth kwenye mizani ni kuirudisha kwenye kazi iliyozaliwa nayo. Nyimbo ndizo mgeni.

Haya. Mwani sasa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni alikuwa ameshapigia debe jambo hilo kwa miaka mingi. Aina ni mbili: spinosum, ambayo ni ngumu na bei yake ni ndogo, na cottonii, ambayo ina bei nzuri lakini haivumilii maji ya moto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 cottonii imekuwa ikifa kwenye mabwawa ya kina kifupi, na watafiti kama Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamelifuatilia jambo hilo miaka na miaka. Wakulima wengi mno ni wanawake. Wanakwenda shambani bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanainama kwenye kamba na vijiti na tai tai mpaka maji yarudi, halafu wanaubeba mwani umelowa kichwani. Ukikauka unasafirishwa nje, unakamuliwa uteute unaoitwa karajinani, unaishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Umeupiga mswaki leo asubuhi hujui.

Na katika safari yote hiyo, kutoka kwenye kamba mpaka kwenye dawa ya meno, mkulima analipwa mahali pamoja tu. Kwenye mizani.

Shangazi yangu analima mwani tangu miaka ya 90. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, akaitundika kwenye mwembe kwa urefu wake yeye, akasoma, akataja namba, karani akaandika. Bei ilikuwa mia kadhaa za shilingi kwa kilo, kwa hiyo utasema kilo mbili ni nini? Lakini kilo mbili kwa kila gunia, magunia ya mwaka, ni ada ya mtoto. Miaka michache iliyopita kikundi chao kikachangishana kikanunua mizani ya kidijitali iliyotumika, ya sahani, ile ya kuweka chini. Mkaguzi wa vipimo akaja, akaipima kwa mawe yake, akaifunga kwa lakiri. Mnunuzi (jina lake si la hapa) akakubali itumike, kwa sharti moja: karani wake akae kwenye kioo, yeye ndiye asome na kuandika.

Basi hali ikarudi ile ile, ila sasa kwa umeme. Kioo kinamtazama karani. Akina mama wako upande wa pili, wamejipanga na magunia. Namba inatajwa, gunia linaondoka, jingine linapanda. Shangazi akaniambia kwa simu, "Mwanangu, mizani ni yetu lakini macho si yetu." Nikamuuliza kwa nini asizunguke tu akatazame. Akacheka. Wewe ukazunguke nyuma ya karani kila gunia, watu arobaini wako kwenye foleni na lori linawasha injini, uone utakavyoitwa.

Nilipokwenda kumtembelea niliigeuza ile mizani nikaona tundu la pini tisa. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa kirefu kidogo, maana najua kuna mtu mahali fulani, Pemba au Tanga au Lamu, ana mizani kama hii na tatizo kama hili. Asiyependa waya aruke aya kadhaa, sitamlaumu.

Kwanza, usichomeke HC-05 moja kwa moja kwenye tundu hilo. RS-232 inatumia volti chanya na hasi, zinaweza kufika 12 kila upande, na HC-05 inataka 3.3 kwenye mlango wake wa kupokea. Utaiunguza kabla hujaijua. Katikati panahitajika kibao chenye chipu ya MAX3232, ambacho kazi yake ni kutafsiri volti za upande mmoja ziwe za upande wa pili. Vibao vyote viwili niliagiza Kariakoo vikaja na boti, kwa sababu Mlandege nilipata chaja za kila namna, waya za kila namna, na muuza duka aliyenieleza kwa uhakika kwamba kitu kama hicho hakijatengenezwa duniani.

Pili, ijue pini ya kutumia. Pini ya 5 ni ya chini, hiyo haibishaniwi. Lakini mizani hutuma kupitia pini ya 2 au ya 3 kutegemea aliyeitengeneza alivyoamka. Ukiwa na kitabu chake, vizuri. Sisi kitabu hatukuwa nacho. Chukua mita ya umeme, weka ncha nyeusi kwenye pini ya 5, nyekundu uijaribu kwenye ya 2 kisha ya 3. Waya wa kutumia data ukiwa umetulia huonyesha volti hasi, tano, nane, hata kumi. Ule mwingine huwa karibu na sifuri. Wetu ulikuwa wa 2. Kipimo cha dakika moja, na kimenipa raha kuliko makala nyingi nilizoandika mwaka huu.

Tatu, umeme. Wengi hukimbilia pawabenki. Tukaijaribu ya Bi Katibu wa kikundi, ikawasha taa, ikafanya kazi nusu dakika, ikazima. Tukaiwasha, ikazima. Pawabenki nyingi zimeundwa kujizima zikiona mzigo ni mdogo, zinadhani simu imeshajaa, na HC-05 inakula umeme kidogo mno kiasi cha kutoonekana. Tukaweka betri tatu za kawaida za saizi ya kidole kwenye kikebe cha tochi iliyokufa. Volti nne na nusu. Kibao kinakubali kuanzia 3.6 mpaka 6, ndiyo maana sikuweka nne: betri nne mpya huvuka sita. Kwa kuwa MAX3232 nayo inapata hizo nne na nusu, waya unaoingia HC-05 nikaupitisha kwenye rezista mbili, ya kilo-om 1 na ya 2, ili ifike volti 3 tu.

Nne, kasi. HC-05 ikitoka dukani kwa kawaida husikiliza kwa kasi ya 9600. Mizani yetu nayo, kwa bahati, ilikuwa 9600. Lakini nilitaka kubadilisha jina na namba ya siri, maana nyingi huja na 1234, na Jambiani si kijiji cha kujificha, kila nyumba ya tatu ni ya wageni na kila mgeni ana simu. Kubadilisha, unabonyeza kitufe kidogo kwenye kibao huku unawasha umeme. Taa ikianza kuwaka taratibu, sekunde mbili mbili, umeingia mlangoni. Hapo inasikiliza kwa 38400, si 9600 tena, na kila amri lazima imalizwe kwa alama mbili za mwisho wa mstari, si moja. Watu wengi hukwama hapo siku nzima, wanaandika AT na hakuna anayejibu. Na kama umeuziwa ndugu yake, HC-06, kanuni zote ni nyingine: haina kitufe hicho, haitaki alama za mwisho wa mstari kabisa, na kwa sura ni mapacha. Muuzaji anaweza kukuchanganyia bila hata yeye kujua.

Taa ndiyo lugha ya kidude hiki, ijifunzeni. Ikipepesa haraka haraka, haina mtu. Ikipepesa mara mbili fupi kisha ikanyamaza, imeshika simu. Ikizima kabisa, angalia betri kabla hujaanza kumshuku shetani.

Simu yenyewe iwe ya Android. Binti wa Bi Katibu alileta iPhone yake kwa furaha kubwa, ikabidi airudishe mfukoni, kwani Apple haifungui mlango huu wa siriali kwa kifaa ambacho haikukiidhinisha. Kwa iPhone kuna adapta za aina nyingine, kama HM-10, zinazotumia Bluetooth ya umeme mdogo, lakini hizo nazo hazizungumzi lugha ya hizi. Na kwenye Android za kuanzia toleo la 12, la mwaka 2021, programu lazima ipewe ruhusa ya vifaa vya karibu. Ukiinyima siku ya kwanza kwa haraka haraka, haitaona kitu, na utafungua kibao na kukifunga mara kumi bure.

Jioni ya siku ya kwanza tukaunganisha. Simu ikaiona, namba ya siri ikakubaliwa, taa ikapepesa mbili mbili. Nikaleta na laptopu ili nione vizuri. Tukaweka gunia la kwanza. Kioo cha mizani kikasema 30.5. Kwenye laptopu ikaja 30.5, halafu badala ya kilo ikaja ëç.

Shangwe! Hilo la ëç tukaliona la kuchekesha tu. Gunia la pili, 39.0. Ikaja 39.0. Shangazi akapiga kigelegele. Gunia la tatu, kioo kikasema 41.2, na kwenye laptopu ikaja hivi: ´±.²

Kimya.

Gunia la nne, 36.5, sawasawa. La tano, 28.4, ikaja ²¸.´ na kwenye simu ilikuwa mbaya zaidi, vialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza. Mama mmoja akasema kidude kinachagua magunia. Mwingine, mkubwa kuliko wote, akasema labda kinajua yapi yana mchanga. Watu wakacheka lakini nilimwona Bi Katibu hakucheka. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake watoe pesa ya mizani, na sasa ya kidude. Mnunuzi alikuwa anakuja keshokutwa. Kama kidude kinasema kweli kwa gunia moja na upuuzi kwa jingine, bora kisiwepo kabisa, maana karani atakionyesha kidole mbele ya watu wote na akina mama hawatathubutu kuuliza kitu tena kwa miaka mitano.

Usiku ule nilikaa uani na laptopu na daftari. Ushauri wa kawaida ukiona takataka ni kwamba kasi hazilingani. Lakini kasi zisipolingana, kila kitu huwa takataka. Hapa nukta ilikuwa sawa, 3 ilikuwa sawa, kila mara. Nikaanza kuandika orodha: zinazofika salama ni 0, 3, 5, 6, 9. Zinazoharibika ni 1, 2, 4, 7, 8. Na zinaharibika kwa namna moja daima, 1 ni ± kila ikija, 2 ni ² kila ikija. Takataka isiyobadilika si takataka. Ni maandishi ambayo hujayasoma.

Jibu liko kwenye shufwa na witiri, na hapa Kiswahili chetu kimebeba maneno mazuri kuliko walionayo wao. Kila herufi inayotumwa ina nambari yake, na nambari hiyo huandikwa kwa biti saba, yaani moja na sifuri saba. Mashine za zamani zikaongeza biti ya nane kama mlinzi: inahesabu moja zilizomo, na ikikuta ni witiri inajiweka kuwa moja ili jumla iwe shufwa. Upande wa kupokea ukikuta witiri, unajua kuna kitu kimeharibika njiani. Sasa tazama. Tarakimu 3 huandikwa 0110011, moja ziko nne, shufwa tayari, mlinzi anabaki sifuri na herufi inapita kama ilivyo. Tarakimu 1 huandikwa 0110001, moja ziko tatu, witiri, basi mlinzi anakuwa moja. Mizani yetu ilikuwa inatuma biti saba na mlinzi. HC-05 haijui biti saba. Ukiisoma amri zake utaona unaweza kuchagua mlinzi wa shufwa au witiri, lakini data yenyewe ni biti nane, hakuna njia ya kuipunguza. Kwa hiyo ilikuwa inamchukua yule mlinzi na kumhesabu kama sehemu ya herufi. Fanya hesabu kwa tarakimu zote kumi na utapata orodha yangu ile ile: 0, 3, 5, 6, 9 zina moja za shufwa, na nyingine zote ni witiri. Hata k na g zote ni witiri, ndiyo maana kilo haikupata kusomeka hata mara moja.

Njia rahisi ingekuwa kuingia kwenye mipangilio ya mizani na kuiambia itume biti nane bila mlinzi. Lakini mlango wa mipangilio ulikuwa chini ya lakiri ya mkaguzi. Na lakiri ile ndiyo hoja pekee ya akina mama kwamba mizani yao ni ya haki! Kuikata ili kuthibitisha kwamba hatudanganywi... hapana. Nilimweleza Bi Katibu asubuhi, akasema neno moja tu: "Isiguswe."

Basi dawa ikawekwa upande wa simu. Mlinzi ana thamani ya 128. Kwa hiyo kila nambari inayofika ikiwa 128 au zaidi, iondolee 128, na kilichobaki ndicho herufi ya kweli. Hakuna zaidi ya hapo. Programu niliiunda kwa App Inventor ya MIT, ile ya kupanga vibao vya rangi kama watoto wanavyopanga matofali, ambayo ina sehemu ya Bluetooth inayopokea nambari moja moja. Inasoma, inaondoa 128 panapohitajika, inaonyesha uzito kwa tarakimu kubwa zinazojaza kioo cha simu, na Bi Katibu akigusa popote inaandika uzito huo chini ya jina la mwenye gunia pamoja na saa. Ilinichukua mchana mzima kwa sababu umeme ulikatika mara mbili na kwa sababu watoto wa shangazi walitaka kila rangi ijaribiwe. Jioni tukapima magunia yale yale. 41.2 ikaja 41.2. Tukaweka na mfuko wa sukari wa kilo mbili, tukaweka na mtoto.

Kuna jambo jingine dogo tulilogundua. Umbali unaotajwa kwa adapta kama hii ni mita 10, lakini ukisimama ukaizuia kwa mwili mita nne ni shida. Mawimbi yake hunywewa na maji, na binadamu ni mtungi wa maji unaotembea. Ukiweka na rundo la mwani ambao haujakauka sawasawa katikati, ndiyo kabisa. Kikebe tukakifunga juu ya nguzo ya kibanda badala ya chini karibu na sahani, tatizo likaisha. Na pini zote nikazipaka rangi ya kucha ya binamu yangu, nyekundu iliyokoza, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani ile hula shaba kama mchwa alavyo makuti.

Siku ya mnunuzi ikafika. Lori, karani, daftari, salamu za heshima pande zote, maana hawa ni watu wanaojuana miaka na wengine ni wakwe. Bi Katibu akaketi upande wake na simu imelala pajani. Hakutangaza kitu. Akasema tu, "Baba karani, na sisi tunaandika zetu, tusije tukakusumbua baadaye." Karani akasema hakuna tabu.

Magunia 43 yalipita. Karani anataja, Bi Katibu anagusa. Mimi nilikaa mbali chini ya mkungu kwa makusudi, mwandishi wa habari akikaa karibu na biashara watu hubadilisha sauti. Yalipoisha wakajumlisha. Daftari la karani lilikuwa pungufu kwa kilo 64.5.

Nataka nieleze hapa kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo stori ingeweza kugeuka ya "mnunuzi mwizi" na ningepata wasomaji wengi zaidi. Bi Katibu hakupiga kelele. Alipitia gunia moja moja kwenye simu na kumwomba karani asome la kwake. 38.0, daftari 36.5. 31.5, daftari 30.0. 42.1, daftari 40.6. Kila gunia kilo moja na nusu kamili, hakuna zaidi, hakuna pungufu. Anayeiba hovyo haibi kwa usawa namna hiyo. Karani akasema wazi, bila hata kuona haya: ni ya gunia na unyevu, siku zote tunakata. Mnunuzi akaitika. Kumbe siku zote wanakata, kichwani, kabla namba haijatajwa, na hakuna aliyewahi kuambiwa.

Shangazi akalichukua gunia tupu akaliweka kwenye sahani. 0.1.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, na yalichukua saa nzima na vikombe vya chai. Kwamba gunia ni gramu mia, hilo halina mjadala tena. Iliyobaki, kilo moja na gramu mia nne, ni ya unyevu. Mnunuzi ana haki yake, mwani ukiwa na chumvi hunyonya unyevu wa usiku, na anayelipia maji kama mwani hasara ni yake. Lakini mwani wa shangazi ulikuwa umekaa juani kwenye vichanja siku tatu, mkavu unakatika, na umekatwa sawa na wa mama aliyeanua jana magharibi. Kidude changu hakipimi unyevu. Kiliondoa shaka moja na kuacha ugomvi mwingine mezani, ugomvi ambao angalau una jina. Walikubaliana kwa siku ile: unaokatika mkononi, nusu kilo; unaopinda, moja na nusu kama zamani. Nani anaamua unakatika au unapinda? Wawili, mmoja kila upande. Walibishana kwenye magunia manane, mengine yakapita.

Malipo yalipokwisha mnunuzi akaja nilipokaa, akanisalimu, akaomba akione hicho kikebe. Akakigeuza, akaitazama rangi ya kucha, akauliza bei. Nikamwambia vibao vyote havifiki bei ya kuku. Akasema safari ijayo na yeye ataweka programu kwenye simu yake, ili na karani aone moja kwa moja, mambo ya daftari yaishe.

Nikamwambia wazo ni zuri ila kuna kikwazo: HC-05 inashika simu moja tu kwa wakati mmoja. Ikishakuwa na mtu, mwingine hata abishe namna gani haifungui. Akauliza, sasa inashika ya nani?

Bi Katibu alikuwa nyuma yake anakunja mkeka. "Inayotangulia kufika, baba," akasema. "Na sie twakaa hapa hapa."